Taa ya AdBlue ikiwaka na kamio ikikosa nguvu: waya ziangaliwe kwanza

Kamio imetoka Uvira, imepita Fizi na Lulimba, Salamabila imeshabaki nyuma. Iko na chumvi, sabuni na mabati ya kuuzwa Kasongo. Ghafla taa ya rangi ya machungwa inawaka kwenye tablo, pamoja na alama ya matone. Shofere anaendelea tu, juu motere inalia vizuri, haitoi moshi mweusi, joto liko sawa. Baada ya muda kamio inaanza kulegea kwenye vilima. Anakanyaga mpaka chini, haipandi. Mwishowe inatembea polepole kiasi kwamba mtu wa baiskeli anaipita.

Simu inafika kwa mwenye kamio: "Patro, gari imekosa nguvu, na taa haizimike." Hapo ndipo pesa inaanza kutoka. Fundi wa kwanza anasema AdBlue imeisha, ongeza. Wa pili anasema pompi imekufa, ikomandiwe Dar es Salaam au Dubai. Wa tatu anasema ukate mfumo wote uachane nao. Pompi mpya ni dola mamia mengi, na mpaka ifike kupitia Kigoma na ziwa, kamio imelala wiki nyingi na mzigo juu. Kumbe wakati mwingine shida yote iko ndani ya fishi moja yenye waya nne, imeota ukungu wa kijani, na ingesafishwa au kubadilishwa siku ileile.

Habari hii inaeleza namna ya kutofautisha: lini shida ni umeme, lini ni maji ya AdBlue yenyewe, na lini kweli kifaa kimekufa.

AdBlue ni nini, na gari gani iko nayo

AdBlue si mafuta, na wala haiongezwi ndani ya mazutu. Ni maji safi sana yaliyochanganywa na urea, kwa kipimo cha asilimia 32.5 za urea. Jina AdBlue ni mali ya chama cha watengeneza magari cha Ujerumani. Marekani wanaiita DEF. Inawekwa katika tanki lake la peke, lenye kifuniko cha buluu, na kazi yake yote inafanyika kwenye bomba la moshi. Pompi inaivuta kutoka tanki, injekteri ndogo inairusha ndani ya moshi wa moto, urea inageuka kuwa amonia, halafu ndani ya katalizeri amonia inakutana na ile gesi mbaya ya motere za mazutu, oksidi za nitrojeni ambazo mafundi wanaziita NOx. Kinachotoka nyuma ni nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Kwa kamio za Euro 5, lita 100 za mazutu zinaenda na lita 4 mpaka 6 hivi za AdBlue.

Magari mengi yanayopita Kasongo na Kabambare hayana mfumo huu. Land Cruiser za mashirika zenye motere 1HZ hazina. Kamio za zamani za miaka ya 1990 hazina. Lakini kamio za Ulaya zilizotengenezwa kuanzia 2005 na 2006, kama Mercedes Actros BlueTec, DAF, Volvo na Iveco za kizazi hicho, nyingi ziko nayo, na hizo ndizo zinazouzwa leo kama okazio. Mwenye kununua anaangalia matairi, anaangalia motere, anaangalia shasi. Tanki dogo la kifuniko cha buluu halimwambii kitu, mpaka siku taa itakapowaka.

Na kwa nini kamio ikose nguvu wakati motere haina ugonjwa? Juu sheria za Ulaya zililazimisha iwe hivyo. Waliotunga sheria waliona kwamba bila kulazimishwa, watu hawataweka AdBlue. Basi kalkulateri, ile kompyuta ya motere, ikiona mfumo haufanyi kazi inatoa onyo, kisha inaadhibu. Kwa kamio za Euro 5 za zaidi ya tani 16, nguvu ya kuvuta inashushwa mpaka asilimia 60. Kwa Euro 6, kwanza inapunguzwa robo, na shida ikiendelea gari inafungwa kwenye mwendo wa kilometa 20 kwa saa. Kule Ulaya, kilometa 20 kwa saa inakufikisha garaji iliyo karibu. Huku inakukuta porini kati ya Wamaza na Kasongo, usiku unaingia, na abiria wako juu ya mzigo.

Cha muhimu kukumbuka ni hiki: kalkulateri haioni AdBlue. Inaona umeme tu. Kila kitu inachojua kinafika kwa waya: kapteri ya kiasi cha maji katika tanki, kapteri ya joto la maji, kapteri ya presha, na kapteri za NOx, ambazo mara nyingi ni mbili, moja kabla ya katalizeri na moja baada. Na kila kitu inachoamuru kinaenda kwa waya: pompi, injekteri, na vifaa vya kupasha tanki joto. Waya ikikatika, kwa kalkulateri ni sawasawa na tanki kuwa tupu au pompi kuwa imekufa. Kwa hiyo kamio yenye tanki lililojaa AdBlue nzuri kabisa inaweza kuadhibiwa kama vile haina hata tone.

Valizi inasema nini, na haisemi nini

Mashine ya kusoma makosa, ile mafundi wanayoita valizi, inatoa kodi. Hapo ndipo watu wengi wanapotea. Kodi ikitaja injekteri ya AdBlue, mtu anakomanda injekteri. Lakini kodi haisemi injekteri imekufa. Inasema kwamba katika njia ya umeme ya injekteri kuna kitu hakiko sawa. Njia hiyo ina fizibo, waya ya kwenda, fishi, bobini ya injekteri, waya ya kurudi, na kalkulateri yenyewe. Injekteri ni kitu kimoja kati ya sita.

Kwenye kamio, kodi inakuja katika sehemu mbili. Namba ya kwanza, inayoitwa SPN, inataja mahali. Kwa mfano 3361 ni kifaa kinachopima na kurusha AdBlue, 1761 ni kiasi cha maji katika tanki, 4334 ni presha, 3216 ni kapteri ya NOx ya mbele na 3226 ni ile ya nyuma. Namba ya pili, FMI, ndiyo yenye habari, na ndiyo ambayo watu wanaisahau kuandika kwenye karatasi. FMI 3 ni volti kupita kiasi. FMI 4 ni volti kuwa chini kupita kiasi. FMI 5 ni mkondo mdogo sana, yaani mara nyingi waya imekatika au fishi haishiki. FMI 6 ni mkondo mkubwa sana, yaani waya inagusa masi au bobini imeungua ndani. Ukiona 3, 4, 5 au 6, shida ni ya umeme, na kuongeza AdBlue hakutasaidia kitu.

Magari madogo yanatumia kodi zenye herufi P na U. P208A ni njia ya pompi imekatika, P2047 ni njia ya injekteri, P2200 ni njia ya kapteri ya NOx ya kwanza, U029D ni kalkulateri imepoteza mawasiliano na kapteri hiyo. Hizo zote ni umeme. Lakini P20EE ni kitu kingine: inasema kalkulateri imepima moshi na kuona usafishaji hautoshi. Hiyo inaweza kuwa AdBlue mbovu, injekteri iliyoziba, bomba la moshi linalovuja, au katalizeri iliyochoka. P20E8, presha ndogo, inaweza kuwa filtri iliyoziba. Kwa kodi za namna hiyo, kutafuta waya iliyokatika ni kupoteza siku.

Kama kodi ziko kumi na mbili kwa mara moja, usiogope. Vifaa kumi na mbili havifi siku moja. Vitu vingi vikilalamika pamoja, tafuta kile wanachotumia wote: batri, fizibo moja, au masi moja iliyofungwa kwenye shasi. Kapteri mbili za NOx mara nyingi zinakula fizibo moja. Moja ikiungua ndani na kukata fizibo, ya pili nayo inaonekana imekufa.

Kuanza na batri, kisha macho, kisha multimeta

Kamio ya volti 24 iliyolala usiku inatakiwa kuonyesha volti 25 na kitu, na motere ikizunguka iwe kati ya 27.5 na 28.5 hivi. Batri iliyochoka, inayoshuka sana wakati wa kuwasha, inaacha kodi za uongo kila asubuhi. Ni kazi ya dakika mbili kupima, na fundi anayeruka hatua hii anaweza kushinda siku nzima anafukuza kivuli.

Baada ya hapo, macho. Fungua fishi za tanki, za pompi, za injekteri na za kapteri za NOx, moja kwa moja, na kontakti ikiwa imezimwa. AdBlue ikikauka inaacha chumvi nyeupe kama unga. Chumvi hiyo ikiwa nje ya tanki karibu na kifuniko, si neno kubwa. Ikiwa ndani ya fishi, hapo umekaribia. AdBlue inakula shaba, na waya zote za gari ni shaba. Ukiona kijani au nyeusi kwenye pini, shaba imeanza kuoza.

Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri linawashangaza. AdBlue inatembea ndani ya waya. Waya ya gari si chuma kimoja. Ni nyuzi nyembamba nyingi zilizofungwa ndani ya plastiki, na maji yanapanda kati ya nyuzi hizo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Pompi inavuja kidogo kwenye fishi yake, na baada ya miezi unakuta unga mweupe kwenye fishi nyingine iliyo mbali, mpaka hata kwenye kalkulateri ya AdBlue. Ukisafisha fishi ile ya mbali tu, baada ya wiki tatu shida inarudi, na mwenye kamio anasema fundi ni mwizi. Chanzo kilikuwa pompi inayovuja.

Chumvi hii haiyayuki kwa petroli. Wengi wanasafisha fishi kwa petroli kwa sababu ndiyo iliyo karibu, na inaondoa grisi kweli, lakini urea inabaki palepale. Urea inayayuka kwa maji ya uvuguvugu, na maji bora ni yale ya batri, yasiyo na chumvi. Osha, kausha kabisa, kisha pima. Waya iliyooza inakatwa kurudi nyuma mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, inaunganishwa kwa kuchomelea risasi, na inafunikwa kwa mpira unaobana kwa moto. Kuisokota kwa vidole na kuzungushia utepe mweusi kunakufikisha mtoni Luama, kisha maji ya mvua yanaingia.

Sasa multimeta. Kosa kubwa ni kupima volti kwenye fishi iliyofunguliwa, kuona 24, na kusema "umeme unafika, pompi ndiyo mbovu." Waya yenye nyuzi ishirini ikibaki na uzi mmoja tu, multimeta bado itasoma 24, kwa sababu multimeta haivuti kitu. Ni kama bomba la maji lililoziba: mlango ukifungwa, presha iko, ukifungua, yanatoka matone. Kwa hiyo pima wakati kifaa kinafanya kazi, ukiingiza sindano nyuma ya fishi. Tuseme kwenye batri una 24.8. Kwenye fishi ya pompi iliyofunguliwa unapata 24.6. Rudisha fishi, amuru pompi izunguke kwa valizi, pima tena: ukipata 24, pompi inapata chakula chake, na kama haizunguki basi kweli imekufa. Ukipata 17, zaidi ya volti 7 zimepotea njiani, na pompi haina kosa lolote. Ziko kwenye waya ya kwenda au kwenye masi, na utajua kwa kupima upande mmoja mmoja. Weka sindano moja kwenye tuta la kuondoa la batri na nyingine kwenye masi ya pompi wakati inazunguka. Zaidi ya nusu volti, masi ni mbaya.

Asiye na valizi ya kuamuru pompi anaweza kutumia balbu ya klinyota ya wati 21, volti 24, mahali pa pompi. Ikiwaka kwa nguvu, waya inabeba mzigo. Lakini balbu hiyo isiguse kamwe waya za kapteri au waya mbili zilizosokotwa pamoja za mawasiliano. Inavuta karibu ampea moja, na kwenye kalkulateri hiyo inatosha kuunguza kitu ambacho huwezi kukipata Kasongo wala Kindu.

Kwa kapteri ya joto, yenye waya mbili, kuna jaribio lisilohitaji pesa. Fungua fishi yake na washa kontakti: kodi iwe FMI 3. Kisha unganisha matundu mawili ya fishi upande wa waya, kwa kipande kidogo cha waya: kodi igeuke FMI 4. Ikibadilika hivyo, waya zote na kalkulateri ziko sawa, na kapteri ndiyo ya kubadilisha. Isipobadilika, acha kapteri, fuata waya. Bobini ya injekteri inapimwa kwa omu, gari ikiwa imezimwa na fishi imefunguliwa. Linganisha na kitabu, na kama kitabu hakuna, linganisha na kamio nyingine ya aina ileile. Isiyo na mwisho ni bobini iliyokatika. Karibu sifuri ni bobini iliyoungua.

Kapteri za NOx zinahitaji akili tofauti kidogo. Kila moja ina kisanduku chake chenye akili, na ncha inayoingia kwenye bomba la moshi. Ndani ya ncha hiyo joto linafika karibu digrii 800. Kapteri nyingi zina waya nne upande wa gari: mbili za umeme na mbili za mawasiliano. Ile waya kati ya ncha na kisanduku isikatwe, kwa sababu vimepimwa pamoja kiwandani na vinauzwa pamoja. Kama kodi ni ya mawasiliano, zima kila kitu, toa batri, na pima omu kati ya zile waya mbili zilizosokotwa. Kwenye mtandao wenye vizuizi viwili vya omu 120, jibu zuri ni 60 hivi. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukipata karibu sifuri, waya zinagusana mahali, au kisanduku kimoja kimekufa na kinazishika zote. Fungua fishi za kapteri moja baada ya nyingine. Ukifungua moja na omu zikarudi, umeipata.

Yanayoharibu mfumo huku kwetu

Watengenezaji walifikiria baridi. AdBlue inaganda kwa digrii 11 chini ya sifuri, ndiyo maana tanki na mipira vina waya za kupasha joto. Kasongo hakuna siku itakayohitajika. Lakini kalkulateri haijui iko Maniema: waya ya kupasha ikikatika, taa inawaka vilevile, na katika magari mengine adhabu inafuata. Watu wanacheka wakisikia kamio imelala Kabambare kwa sababu ya kifaa cha kuzuia barafu, lakini waya hiyo inatakiwa kutengenezwa kama nyingine.

Joto ndilo adui. AdBlue iliyohifadhiwa kwa digrii 30 inadumu mwaka mmoja hivi; kwa digrii 35 ni miezi sita. Bidoni lililokaa juani mbele ya duka tangu mwaka jana linaweza kuwa na maji yaliyochoka. Kununua, tafuta alama ya ISO 22241 na tarehe. Wengine wanachanganya urea ya mbolea na maji ya kisima. Mbolea hiyo ina uchafu ambao AdBlue haitakiwi kuwa nao, na maji ya kisima yana madini. Vyote vinaziba injekteri na kuua katalizeri, na ukarabati wake unapita bei ya AdBlue ya miaka. Mazutu yakiingia tanki la AdBlue, hata kidogo, yanavimbisha mipira. Na AdBlue ikimiminwa kwenye tanki la mazutu, usiwashe hata kontakti. Toa yote kwanza.

Kuna tabia moja ya mashofere inayofanya kodi nyingi bila wao kujua. Jioni anafika, anazima motere, na hapohapo anakata batri, kwa kuogopa wezi au kwa kulinda batri. Nia ni nzuri. Lakini katika mifumo mingi, motere ikizimwa pompi inaendelea kwa dakika moja au zaidi ikirudisha AdBlue kwenye tanki. Ukikata umeme, maji yanabaki kwenye mpira na ndani ya injekteri iliyo bado ya moto, yanakauka, yanakuwa chumvi. Asubuhi kodi iko. Dakika tano za kusubiri zinatosha. Shofere ashuke, azunguke matairi, afunge turubai, kisha ndio akate batri.

Kuchomelea nako ni hatari. Barabara zetu zinavunja shasi, na welder yuko kila senta. Kabla ya kuchomelea, toa tuta zote mbili za batri, fungua fishi za kalkulateri, na masi ya mashine ya kuchomelea ifungwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Isifungwe upande wa pili wa shasi, mkondo ukapita katikati ya kisanduku cha NOx. Kamio iliyochomelewa jana na leo ina kodi tano mpya, hakuna haja ya kutafuta sana.

Halafu maji na panya. Kuosha kamio mtoni kwa ndoo si kitu, lakini mashine ya presha ikielekezwa kwenye fishi za tanki la AdBlue inasukuma maji kupita mipira yake. Na kamio ikisubiri wiki mbili barabara ikauke wakati wa mvua, panya wanajenga. Waya za chini ya kabini ndizo wanazozipenda.

Kukata mfumo?

Kuna mafundi wanaoweka kisanduku kidogo kinachodanganya kalkulateri kwamba AdBlue iko na moshi ni safi. Wengine wanabadilisha programu yenyewe. Mwenye kamio anayepata AdBlue kwa shida Kasongo, na kwa shida zaidi Kabambare, anaeleweka akishawishika. Ila ajue anachonunua. NOx inabaki kutoka, na inaumiza mapafu ya walio karibu, kwanza watu wa sokoni na watoto wa barabarani. Kisanduku hakitengenezi waya iliyogusana: kama shida ilikuwa masi mbaya, shida itabaki, na sasa kuna waya nyingine za kigeni ndani, zimeunganishwa bila mchoro, kwenye mawasiliano yaleyale ya motere. Fundi wa kesho atakutana na kamio inayosema uongo, na valizi haitamsaidia. Pia injekteri nyingine zinapozwa na AdBlue yenyewe; ikiachwa kwenye bomba la moto bila maji, inaungua, na siku utakapotaka kurudisha mfumo utanunua mpya.

Kwa kamio ambayo kosa lake ni waya, kutengeneza waya ni bei rahisi kuliko kisanduku. Kwa ambayo katalizeri imekufa kabisa, hesabu ni nyingine, na mwenye mali ndiye anayejua.

Baada ya kutengeneza, kodi ifutwe kwa valizi, lakini taa isipozimika palepale si lazima kazi iwe mbaya. Kalkulateri nyingi zinataka kujithibitishia: injekteri hairushi mpaka moshi ufike karibu digrii 200, na kapteri za NOx hazianzi kupima mpaka bomba likauke. Kamio ikizunguka uwanjani bila mzigo haitafika huko. Ipakiwe, ipande kilima, itembee nusu saa kwa mwendo mzuri kama barabara inaruhusu, kisha isomwe tena. Fundi aandike kwenye karatasi kodi zote pamoja na FMI, volti alizopata na fishi aliyoifungua, na karatasi hiyo ikae ndani ya kabini. Kamio ikikwama Lulimba mwezi ujao, fundi wa kule ataanza pale mwenzake alipoishia.